Urefu wa Neno na Uzito wa Maana: Uteuzi wa Hadithi na Tenzi za Kale kwa Mazoezi ya Kusoma

Utangulizi

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985, na Kiswahili kufanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya, haja ya vitabu vya kusomea imezidi kukua. Pamoja na haja hiyo imeenea desturi ya kuzigawa hadithi na mashairi ya kale katika ngazi: kitabu cha anayeanza, cha aliyekwisha kuzijua silabi, cha aliyepevuka kidogo, na kadhalika. Desturi yenyewe ni njema. Mtoto asiyepewa kitu kinacholingana na nguvu zake ama huchoka, ama hujifunza kujifanya anasoma. Lakini yafaa tuulize: ngazi hizo zapimwa kwa kipimo gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo kitumiwacho sana, yaani urefu wa neno na wa sentensi, hakikuzaliwa na tabia ya Kiswahili. Na kwamba kazi ya kale ikipunguzwa kwa kufuata kipimo hicho, aghalabu hukatwa pale pale penye uhai wake. Mifano itatolewa katika hadithi mbili na utenzi mmoja.

Kipimo cha urefu

Katika lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi, kama vile Kiingereza, mtoto huhitaji muda mrefu kulitambua neno lililoandikwa. Huko neno refu huelekea kuwa neno gumu, na si ajabu kwamba walimu wa lugha hiyo walibuni vipimo vya kuhesabu silabi na maneno. Kiswahili sivyo kilivyo. Herufi zake hufuata sauti kwa uaminifu mkubwa, na mtoto aliyezijua silabi aweza kulitamka karibu kila neno awekewalo mbele yake. Neno "hawakutuambia" lina silabi saba, lakini mtoto anayekisema Kiswahili nyumbani hulitumia kabla hajaanza shule, maana viambishi vyake ni vile vile avisikiavyo kila siku. Kwa upande wa pili tulitazame neno "mui". Lina herufi tatu tu. Katika Kiamu laweza kuwa mji; katika methali laweza kuwa mtu mwovu. Mtoto ataliendesha ulimini bila kukwama, wala hatajua kama amepita mjini au amekutana na mwovu.

Hapa ndipo ilipo hatari. Kwa kuwa Kiswahili ni chepesi kutamka, mwalimu aweza kudanganyika na ufasaha wa sauti. Kuhesabu maneno yasomwayo kwa dakika moja, jambo lililozoeleka zaidi tangu mpango wa Tusome ulipoenezwa katika shule za umma kuanzia mwaka 2015, kuna faida yake: humfichua mtoto aliyekwama kwenye herufi. Lakini hakumwambii mteuzi wa vitabu ni hadithi ipi impasayo mtoto aliyekwisha kuvuka herufi hizo. Baada ya kivuko hicho, ugumu wa matini ya Kiswahili hutafutwa katika mambo mengine: lahaja iliyotumiwa, mambo ya dini, ya historia na ya desturi yanayotajwa bila kuelezwa, namna masimulizi yalivyopangwa, na yale ambayo msimulizi ameyaacha ili msikilizaji ayakamilishe mwenyewe.

Kisa cha Punda wa Dobi

Tuanze na kisa kimoja katika mkusanyo wa Edward Steere, uliotokana na masimulizi ya Unguja na kuchapishwa London mwaka 1870. Kima amefanya urafiki na papa, humtupia matunda kutoka mtini. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Anarudishwa pwani, anapanda juu, anaokoka. Papa anapomwita tena, kima hakubali, bali anamsimulia habari za punda wa dobi. Simba mgonjwa alimtuma sungura amlete punda. Punda alikuja kwa maneno matamu, akashambuliwa, akaponyoka. Sungura akamrai mara ya pili, akarudi, akauawa. Simba alipoulizia moyo na masikio, ambavyo sungura alikuwa amevila, aliambiwa kwamba punda yule hakuwa navyo. Angalikuwa navyo asingalirudi.

Aghalabu kisa hiki kinapotengenezwa kwa watoto wadogo huishia pale kima anapofika mtini. Sababu iko wazi: hadithi ndani ya hadithi huonekana kuwa mzigo kwa msomaji mchanga. Lakini tutazame kilichopotea. Kwanza, jina la kisa limebaki bila mwenyewe, maana punda hayumo tena. Pili, kisa kizima kimejengwa juu ya neno "moyo", ambalo humaanisha kiungo cha mwili na pia ufahamu. Kima aliyedai kwamba ameuacha moyo mtini ndiye mwenye moyo. Punda aliyekuwa nao kifuani ndiye asiyekuwa nao. Hadithi ya nje yafundisha ujanja wa mara moja, ile ya ndani yafundisha kutorudia kosa. Kuikata ya ndani ni kumwachia mtoto kicheko na kumnyima busara.

Je, basi mtoto wa Gredi ya 2 alazimishwe kukisoma chote? La. Sehemu ya kima na papa yamtosha, mradi ielezwe kuwa ni sehemu, na mwisho wake uachwe wazi: papa aita, kima akataa, na swali la kwa nini akatae libaki. Miaka miwili baadaye mtoto huyo apewe kisa kamili. Atakuta anaijua njia ya kwenda baharini na kurudi, na nguvu zake zote atazielekeza kwenye jambo jipya, yaani hadithi iliyomo ndani. Katika mpango huu kisa ni kile kile; kinachopanda ngazi ni usomaji.

Liyongo katika nathari na katika utenzi

Mfano wa pili ni bora zaidi, kwa kuwa mapokeo yenyewe yametupa ngazi mbili. Habari za Fumo Liyongo zimo katika mkusanyo huo huo wa Steere kwa nathari fupi, na zimo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Anayepima kwa urefu atauchagua utenzi kwa watoto wadogo, kwa sababu kila kipande kina mizani minane tu na vina vyake vyaimbika. Nathari ataiweka juu, kwa kuwa aya zake ni ndefu. Atakuwa amezigeuza ngazi juu chini. Nathari ile yaenda kwa sentensi zinazofuatana kwa utaratibu wa matukio, kama asemavyo bibi kwa wajukuu. Utenzi umetungwa kwa Kiamu, ambamo macho ni "mato", njia ni "ndia" na kichwa ni "kitwa". Hupanga maneno kwa matakwa ya vina, na humchukulia msikilizaji kuwa anamjua Liyongo tangu zamani. Kwa hiyo nathari itangulie, utenzi ufuate.

Wako wanaoona kwamba mwisho wa habari hizi haufai kwa watoto: mwana analaghaiwa kwa ahadi, anaichunguza siri ya baba yake, anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Hofu hiyo ina haki yake kwa watoto wadogo kabisa, na dawa yake ni kungoja, si kubadilisha. Liyongo akifanywa apone, au auawe na adui asiye na jina, hadithi hugeuka kuwa ya mtu mwenye nguvu tu, na watu wenye nguvu ni wengi katika hadithi. Kinachomfanya Liyongo akumbukwe ni kule kufa kwake akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wa mji wasithubutu kuteka maji, na mama yake akimbembeleza akidhani kwamba mwanawe amekasirika. Mtoto wa miaka kumi aweza kuyabeba hayo.

Utenzi wa Mwana Kupona

Utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858, huteuliwa mara nyingi kwa sababu mbili: mishororo yake ni mifupi, nao ni mawaidha ya mama kwa binti yake. Sababu zote mbili zapotosha. Ufupi wa mishororo tumekwisha kuuzungumza. Kuhusu mawaidha, ni kweli kwamba mama anasema na binti. Lakini binti huyo yumo katika umri wa ndoa, na sehemu kubwa ya wosia yahusu mke na mumewe katika nyumba za waungwana wa pwani ya kaskazini karne ya 19. Mtoto wa darasa la chini hana mlango wa kuingilia humo, na akilazimishwa kuzikariri beti hizo atatoka na vina bila mama wala binti.

Hata hivyo ziko beti za mwanzo, ambamo mama mgonjwa anamwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi aandike wosia. Hizo mtoto yeyote azielewa, maana kila mtoto amewahi kuitwa na mama. Zisomwe katika Gredi ya 5 au ya 6, zikifuatana na sherehe fupi ya maneno ya Kiamu. Utenzi kamili ungoje shule ya upili, ambako wavulana na wasichana wataweza kuujadili na hata kuupinga.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwamba watoto wengi wa Kenya hawakizungumzi Kiswahili nyumbani, na kwa hiyo kurahisisha hakuepukiki. Pingamizi hili ni zito. Lakini mtoto wa Kitui au wa Murang'a amekwisha kukutana na sungura mjanja katika lugha ya mama. Maarifa hayo ya hadithi ndiyo daraja lake la kuingilia Kiswahili. Tukimkatia hadithi hadi ibaki mifupa, tunalivunja daraja hilo na kumwachia msamiati mtupu.

Pingamizi la pili ni kwamba matini za kale haziwezi kuachwa kama zilivyo. Ni kweli, na hapana budi kutenganisha aina tatu za mabadiliko. Kusawazisha tahajia ya 1870 ifuate ya sasa ni halali kabisa. Kueleza neno gumu pembeni ni halali pia, na ni afadhali kuliko kuliondoa. Kubadilisha mpango wa masimulizi, au mwisho wake, si kurahisisha. Ni kutunga kazi nyingine na kuipa jina la ya kwanza. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtoto wa Lamu. Neno la nyumbani kwake likifutwa kitabuni na kuwekwa la Kiunguja bila maelezo, anafundishwa kwamba babu zake walikosea lugha. Likiachwa na kuelezwa, yeye ndiye atakayewasomea wenzake.

Hitimisho

Inapendekezwa, basi, kwamba mteuzi aanze kwa kuuliza ni nini ambacho matini yamtaka mtoto akijue kabla ya kuisoma, na ni nini ambacho yamwachia akitambue mwenyewe. La kwanza likiwa jingi mno, ateue sehemu au angoje. La pili likikosekana, aiache matini hiyo hata kama maneno yake ni mafupi. Na kila mara inapowezekana, ateue kazi ambayo mtoto ataweza kuirudia katika ngazi ya juu zaidi akakuta haijamalizika. Orodha ya namna hiyo itakuwa fupi kuliko zilizoko sasa, lakini kitakachomfikia mtoto kitakuwa fasihi yenyewe.