Pongezi kwa Waliomfungulia Kiziwi Mlango

Shule ya Viziwi Tabora, ya kwanza nchini Tanzania, tangu 1963 imethibitisha kuwa kiziwi anafundishika. Kilichobaki ni kumfikisha chuoni. Kwa kijana kiziwi wa Migato, mkoani Simiyu, ada ni sehemu tu ya mzigo: mhadhiri akigeukia ubao, midomo yake haisomeki, na bila mkalimani wa lugha ya alama kipindi kizima kimepotea. Heko, basi, kwa kila mfadhili anayemlipia na mkalimani. Wapo wanaodai huo ni upendeleo. Sikubali: anapewa kile ambacho wenzake wanakipata bure kwa masikio. Wengine wanataka fedha ziishie shule za msingi, lakini Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kinahitaji pia wanafunzi waliokua na lugha ya alama mikononi mwao.