Krapf: Msafiri na Mtunga Kamusi

Kitabu cha safari cha Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aghalabu husomwa kama hati ya historia ya misheni, ilhali kamusi yake ya Kiswahili, iliyotolewa London mwaka 1882 baada ya kifo chake, huachiwa wanaisimu. Mgawanyo huo unapotosha. Katika kitabu cha safari kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, Waislamu na Wamijikenda huzungumza mara nyingi ili mmisionari apate kuwajibu. Katika kamusi, sentensi za mifano zimejaa shughuli za kila siku, na Kimvita husikika bila ya kuhubiriwa. (Tahajia yake ni taabu kwa msomaji wa leo, lakini si kosa kubwa.) Mhakiki anayetaka kumpima Krapf hana budi kuanzia hapo. Si kwamba isimu yake haikuwa na dini ndani yake: alipendelea hati za Kilatini kuliko za Kiarabu kwa kuhofia kuufungulia Uislamu njia. Na bado, kitabu cha Mwanzo alianza kukitafsiri kwa msaada wa kadhi wa Mombasa.