Hongera kwa Wauza Vitumbua na Pweza wa Kilwa

Msafiri anayefika Kilwa Masoko kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, husimuliwa habari za masultani. Wauza vitafunio hawatajwi. Basi pongezi hizi ni zao.

Kwanza mama wa vitumbua. Mchele ameuloweka tangu jana, akausaga, akauchanganya na tui, hamira na iliki, akauacha uumuke. Alfajiri yuko mbele ya chuma chake chenye mashimo: mafuta kidogo, upawa mmoja, kisha anageuza kabla ukingo haujaungua. Vitumbua vyake huliwa vikiwa moto. Kitumbua kilicholala simshauri mtu.

Jioni ni zamu ya pweza. Amepigwapigwa hadi akalainika, akachemshwa, sasa anakatwa vipande vidogo unavyochoma kwa kijiti na kuchovya kwenye pilipili. Supu yake hutiwa kikombeni. Maneno ya wanaume kuhusu nguvu inazoleta nayapuuza. Utamu wake wanitosha. Wahispania wa Galicia nao huchemsha pweza, wakamnyunyizia mafuta ya zeituni. Wakija Kilwa, wapewe ndimu.