Shairi Gumu Husomwa kwa Pamoja: Funzo la The Waste Land

Bila shaka umewasikia wanafunzi wakinung'unika kwamba shairi huru halieleweki. Hawaoni vina wala mizani, na nafsineni hubadilika ghafla. Aghalabu hukimbilia mwongozo kabla ya kulisoma shairi lenyewe. Makala hii inashikilia kwamba dawa ya ugumu huo ni mazungumzo. Shahidi wetu ni shairi linalosifika kwa ugumu duniani: The Waste Land la T. S. Eliot.

Shairi hili lilichapishwa London mnamo Oktoba 1922 katika jarida la The Criterion, ambalo Eliot mwenyewe alilihariri. Lina sehemu tano na mishororo zaidi ya 430. Sauti nyingi hupokezana humo: mke mwenye wasiwasi, wanawake wanaosengenya baani, mtabiri wa kadi, hata radi inayonguruma.

Wengi hudhani kwamba kazi kama hii ni zao la mtu aliyejifungia chumbani. La hasha! Eliot alimpa mshairi mwenzake, Ezra Pound, mswada wake, naye akaufyeka bila huruma. Sehemu ya nne, iliyokuwa na mishororo zaidi ya 90, ilibaki na 10 pekee. Vivien, mkewe Eliot, aliandika maoni yake pambizoni. Ithibati ni mswada wenyewe, uliochapishwa mwaka 1971 pamoja na alama zao.

Isitoshe, mnamo Juni 1922 Eliot aliwasomea Virginia Woolf na mumewe Leonard shairi hilo kwa sauti. Virginia aliandika katika shajara yake kwamba lilikuwa na uzuri na nguvu, ingawa hakuwa na hakika ni nini kililiunganisha. Sikio lilitangulia, ufafanuzi ukafuata.

Je, zile tanbihi mashuhuri za Eliot? Hazikuwemo jaridani. Ziliongezwa kitabu kilipotolewa New York mnamo Desemba 1922. Katika mhadhara wa mwaka 1956, Eliot mwenyewe alizibeza, akijutia kuwapoteza wasomaji njia. Ikiwa mwongozo wa mshairi mwenyewe ulipotosha, ya nini kuutukuza wa mtu mwingine?

Mwalimu mwenzangu atasema kwamba vipindi ni vichache na madarasa yamefurika. Ni kweli. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mtihani wa KCSE humpa mtahiniwa shairi ambalo huenda hajawahi kuliona. Hapo mwongozo haumfai kitu. Kinachomfaa ni mazoea ya kuuliza.

Chukua basi shairi mojawapo katika Kichomi (1974) cha Euphrase Kezilahabi. Lisomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji tofauti. Kabla ya kutaja maudhui, waulize wanafunzi: Nani anasema? Sauti inabadilika wapi? Neno gani lingeondolewa bila hasara? Swali hili la mwisho ndilo alilouliza Pound kwa kalamu yake.

Hatusemi kwamba kila maoni ni sahihi. Kila anayechangia hana budi kuonyesha mshororo unaomuunga mkono, na asiyeweza akubali kusahihishwa na wenzake. Tukifanya hivyo, mwanafunzi ataingia katika chumba cha mtihani akiwa peke yake, lakini akiwa amezoea kubishana na shairi.