Sifa ya Fundi wa Moshi

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Fundi wa majiko Isiolo huongeza lake: pafukapo moshi mwingi, moto ni pungufu. Moshi ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Ni pesa iliyotolewa sokoni ikaishia machoni mwa mpishi. Ndiyo maana namstahi mtu anayeitwa jiko linapofuka, akaja bila nyundo mkononi.

Mji huu haukosani na moshi. Akina mama wa Kiborana na Kisomali huvukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kwa miti waliyoichagua, maziwa yakanukia na kukaa. Ila huo ni moshi uliotumwa. Ule unaorudi jikoni bila kuitwa huua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Fundi mwenye pupa hulaumu jiko na kuanza kulibomoa. Mjuzi huanza chini, kwenye jivu: likirundikana, hewa haina pa kupita. Kisha hutazama mdomo wa jiko, ambao mpishi mwenye haraka huusheheneza kuni hadi ukakabwa. Larry Winiarski, Mmarekani aliyebuni jiko la roketi miaka ya 1980, aliziinua kuni juu ya kibao ili hewa ipite chini yake. Fundi wetu hupata nafasi hiyo kwa kuchomoa vipande viwili tu. Halafu huzigonganisha kuni zenyewe. Kavu hulia kwa ukali, mbichi hutoa mlio mzito. Kuni zilizokatwa juzi huweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto huyachemsha hayo kwanza kabla ya chai.

Bado linafuka? Hufungua mlango na dirisha. Moshi ukitulia, basi chumba ndicho kilichozibwa: hewa haitoki juu kama nyingine haikuingia. Usipotulia, zamu ni ya bomba, na hapa ndipo elimu ilipo. Bomba huvuta kwa kuwa hewa ya moto iliyomo ni nyepesi kuliko ya nje. Likiwa baridi asubuhi halivuti. Hulipasha kwa karatasi inayowaka. Maungio yaliyoachana huingiza ubaridi, kona nyingi huuchosha mkondo, masizi huipunguza njia. Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya kumi. Bomba linalotosha pwani laweza kupungukiwa huku. Mwisho hupanda juu ya paa. Upepo wa kiangazi ukigonga jengo refu la jirani hushuka na kuusukuma moshi ndani, na hapo bomba huinuliwa na kuvikwa kofia.

Ninachokisifu zaidi ni ule utaratibu wa kubadilisha jambo moja, kisha kungoja. Angebadilisha matatu kwa mpigo, jiko lingepona bila mtu kujua lilikuwa linaugua nini, na likifuka tena mwezi ujao angeanza upya gizani.

Malipo huleta ubishi. "Fundi, umetoa jivu na kufungua dirisha, halafu unataka pesa?" Jivu kila mtu angelitoa. Kilicholipiwa ni kujua kwamba ukuta haukuhitaji kuvunjwa, na ujuzi huo humwokolea mwenye jiko gharama ya kujenga jipya. Walio bora miongoni mwao huenda mbali zaidi: humpa mpishi karatasi inayowaka, aisogeze mwenyewe mdomoni mwa jiko, aone kama mwali unalalia ndani au nje. Akishajua kuusoma, hatamwita fundi kwa kila pumzi ya moshi. Fundi hupoteza kibarua kwa hiari, na kwa hilo tu anastahili kulipwa bila kuombwa punguzo.