Bunduki Isomwe

Hapa Isevya bunduki kuukuu ya Mzungu haikosi hadithi. Kwa kuwa Kwihara ni jirani, na Livingstone na Stanley walikaa huko mwaka 1872, kila mtutu wenye kutu husemwa ulikuwa wao. Hadithi huongeza bei, haiongezi ukweli.

Chuma kina maandishi yake. Toa kitako, utazame chini ya mtutu. London na Birmingham hupiga mihuri ya ukaguzi. Liège hutia herufi ELG. Ukikuta neno NITRO, bunduki ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ilifaulu katika bunduki za risasi huko Ufaransa mwaka 1884, na Livingstone alifariki 1873. Muhuri huo hakuuona.

Bunduki ya kuagizwa ilitengenezwa kama suti: kitako kwa kipimo cha bega la mwenyewe, namba katika daftari la fundi. Namba hiyo yaweza kumtaja mnunuzi wa kwanza, ndiyo maana yapita simulizi kwa thamani. Kisha hutazamwa mifuo ya ndani na uasili wa kitako. Anayeipiga msasa ili ing'ae anafuta ushahidi.

Lawama yangu ni hii: kila chuma kikiwa cha Livingstone, tunampoteza Mnyamwezi na gobori lake, aliyewinda ndovu waliolisha biashara ya misafara. Huyo hana daftari London. Hadithi ndiyo daftari lake pekee, nasi tunaiuza kwa jina la mgeni.