Kujua Ubovu Ulipo

Mtu akinunua betri mpya ya kompyuta mpakato, akaipachika, kisha kompyuta ikasema haioni betri yoyote, hukumu huwa imeshatoka: kauziwa kitu kibovu. Mafundi wa Chake Chake na Wete huipokea hukumu hiyo kila mara. Wazuri kati yao huisikiliza kwa adabu, huiweka kando, na huanza kuuliza upya. Nataka kuisifu kazi yao ya kuanzia hapo, kabla hawajabadilisha chochote. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha ufundi, na ndicho tunachokithamini kidogo kuliko vyote.

Pemba ina sababu zake za kuuenzi ufundi huo. Tangu Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limezuia betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mzigo katika ndege za abiria. Basi betri iliyoagizwa Unguja au Dar es Salaam huvuka bahari melini, au huja ndani ya begi la msafiri. Ikirudishwa bila kosa lake, gharama hulipwa mara mbili. Umeme wenyewe hutufikia kwa waya uliolazwa baharini kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya Wesha. Umeme unapokatika, mwalimu anayetunga mtihani usiku hana tegemeo jingine ila betri. Kukisia ubovu mahali kama hapa ni kumtia mtu hasara.

Na jambo lenyewe lina undani. Betri ya kompyuta ni seli kadhaa zilizounganishwa, kila moja ikifikia takriban volti 4.2 inapojaa, tatu zikifuatana hutoa kama volti 12.6. Lakini humo humo mna bodi ndogo yenye chipu inayopima chaji, joto na umri wa seli. Kampuni za Intel na Duracell ziliasisi mwaka 1994 utaratibu wa betri kuzungumza na kompyuta kwa nyaya mbili nyembamba: mmoja hupitisha taarifa, wa pili hushika mapigo ya saa. Upande wa kompyuta, chipu iliyo kwenye bodi kuu huuliza: wewe ni nani, una chaji kiasi gani, una joto gani? Isipojibiwa, kwake hakuna betri. Ndiyo maana betri inaweza kuwa imejaa umeme na bado isionekane.

Fundi mzuri huanza na yasiyogharimu kitu. Husoma namba iliyo mgongoni mwa betri ya zamani na kuilinganisha na ya mpya, kwa kuwa betri mbili zinaweza kufanana umbo huku moja ni ya volti 11.1 na nyingine 14.8. Hutazama kama plagi imeingia mpaka mwisho. Huzima kompyuta, huchomoa chaja na betri, hukibana kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi ili umeme uliosalia utoke na ile chipu ianze upya. Huangalia pini: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kutu kidogo kwenye pini moja ya taarifa hutosha kukata mazungumzo yote. Kisha huwasha kompyuta bila kuingia kwenye Windows, akatazama ukurasa wa mipangilio ya msingi. Betri ikionekana pale na isionekane ndani ya Windows, kosa ni la programu, na hakuna haja ya kufungua hata skrubu moja.

Baada ya hapo huja hatua ninayoipenda kuliko zote. Huirudisha betri ya zamani. Hata kama imechoka, ikitambuliwa, njia ya mazungumzo ni nzima, na shaka huhamia kwa betri mpya. Hutafuta pia kompyuta ya aina ileile na kuijaribu betri mpya humo. Majaribio hayo mawili yakipatana, fundi ana ushahidi mkononi. Mnunuzi wa karafuu hatosheki na rangi. Huivunja punje asikie kama imekauka. Fundi naye hatosheki na maandishi ya kioo.

Mita nayo inataka mtu anayejua kuisoma. Betri nyingi, zikiwa nje ya kompyuta, hazitoi volti yoyote mpaka pini maalumu iguswe na hasi, kwa ajili ya usalama. Asiyejua huona sifuri akatangaza kifo. Nyingine zimekaa dukani muda mrefu, bodi yake ya ulinzi ikajifunga; chaja sahihi huweza kuiamsha. Na ikiwa shaka imebaki kwenye kompyuta, fundi hupima zile nyaya mbili pale kwenye soketi, kila mmoja dhidi ya hasi. Kwa kawaida vipimo vyake hukaribiana sana. Vikitofautiana, ameshapata pa kutazama: fyuzi ndogo iliyoungua, au njia iliyoliwa na kutu.

Pia hutenganisha kutotambuliwa na kukataliwa. Zipo kompyuta zinazoiona betri lakini hazikubali kuichaji kwa sababu haikutoka kwa mtengenezaji wake, na zipo zinazogoma kuchaji kwa sababu chaja yenyewe hazijaitambua. Hapo fundi mwaminifu humwambia mteja ukweli: "Mwalimu, betri yako nzima. Iliyo na kasoro ni chaja."

Tatizo ni malipo. Fundi akisafisha pini na betri ikaonekana, wengi wetu huuliza tulipie nini ilhali hakuna kilichobadilishwa. Tulipie kujua. Amemwokolea mtu bei ya betri nyingine na safari ya bahari, na amemwondolea muuza duka lawama asiyostahiki. Tukiendelea kulipia spea tu, tunamfundisha fundi kwamba kubadilisha ovyo kuna faida kuliko kuchunguza. Kila benchi la fundi na litangaze bei ya uchunguzi peke yake, na sisi tuilipe bila kunung'unika. Na kijana anayejifunza, awe katika Chuo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji au pembeni mwa fundi mkongwe, apimwe kwanza kwa mpangilio wa maswali yake, ndipo akabidhiwe moto wa kuyeyushia risasi. Mkono mwepesi hupatikana kwa mazoezi. Subira ya kutohukumu kabla ya ushahidi inataka malezi, na kisiwa hiki kina waalimu wa kuyatoa.